Jinsi ya Kuwaandaa Vijana wa Sekondari Kuwa Viongozi Usharikani: Mwongozo kwa Walezi

Walezi wapya wa vijana huuliza maswali yale yale kila mwaka: nimchague nani, nimpe kazi gani, wazazi nizungumze nao vipi, na nifanye nini pale ambapo niliyemchagua ameacha kuja baada ya wiki tatu. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyekabidhiwa kundi hilo, pengine Jumapili iliyopita tu, mara baada ya matangazo, bila kukabidhiwa hata daftari la majina. Nimeuandika kwa kufuata mazingira ya usharika wa Kilutheri nchini Tanzania, kwa kuwa huko ndiko ninakohudumu; aliye katika parokia, kigango au kanisa la Kipentekoste ataona mwenyewe mahali pa kubadilisha majina ya vyeo na vikao.

Kuna jambo moja ambalo ni vema ulielewe kabla ya kuanza. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, na umoja wa vijana katika makanisa mengi nao hufuata upana kama huo. Matokeo yake ni kwamba uongozi wote, kuanzia mwenyekiti hadi mweka hazina, hushikwa na watu wenye miaka 25 au 30, wenye kazi zao na wengine wenye watoto, huku yule aliyepata kipaimara mwaka huu akiwa na miaka 15 akibakiziwa kupanga viti, kubeba spika na kugawa maji. Miezi michache ikipita hatumwoni tena, nasi tunasema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi mambo ya Mungu. Lakini huyohuyo, akiwa shule ya bweni, ni katibu wa umoja wa wanafunzi Wakristo: UKWATA, au TYCS kwa Wakatoliki, au CASFETA kwa Wapentekoste. Anapanga zamu za ibada za wanafunzi wenzake, anatunza michango, anaandika mihtasari na kuongoza maombi ya alfajiri. Uwezo anao. Anachokosa nyumbani ni kazi halisi aliyokabidhiwa mbele za watu, ambayo hakuna mkubwa atakayeichukua tena kutoka mikononi mwake. Hatua zote zinazofuata zinahusu namna ya kumkabidhi kazi hiyo kwa usalama.

Mambo ya kuandaa kabla ya kuanza

- Kibali cha mchungaji na baraza la wazee, kilichoandikwa katika muhtasari wa kikao. Kibali cha mdomo hakitoshi, kwa sababu wachungaji huhamishwa, na anayekuja baadaye hana namna ya kujua mlikubaliana nini.
- Walezi wawili watu wazima, mwanamume na mwanamke, wanaofahamika usharikani. Ikiwa mmoja wao amehamia karibuni, mchungaji awasiliane na usharika alikotoka kabla ya kumkabidhi watoto wa watu.
- Kanuni za ulinzi wa mtoto, ambazo kila mtu mzima atazisaini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo karibu kundi lako lote ni watoto mbele ya sheria, hata yule mwenye ndevu na sauti nzito. Ukurasa mmoja unatosha: hakuna mtu mzima kukaa peke yake na kijana katika chumba kilichofungwa, hakuna ujumbe wa simu wa faragha usiku, hakuna safari bila idhini ya mzazi, hakuna adhabu ya viboko.
- Fomu ya idhini ya mzazi, yenye namba zake mbili za simu, maradhi ambayo mlezi anapaswa kuyajua kama pumu, kifafa au selimundu, na ruhusa ya kupigwa picha au kukataa kupigwa.
- Kaunta buku mbili, moja ya mahudhurio na mihtasari, nyingine ya fedha peke yake.
- Kalenda ya masomo. Mtihani wa kidato cha nne na upimaji wa kidato cha pili huja kuelekea mwisho wa mwaka, na wanafunzi wa bweni huwa nyumbani Juni na Desemba. Ukipanga shughuli zako bila kuitazama kalenda hiyo, utajikuta unawalaumu vijana kwa jambo lisilo kosa lao.
- Fungu dogo la fedha kutoka usharikani kwa ajili ya nauli, karatasi na maji ya kunywa. Lisipokuwepo, uongozi utaishia kwa wale ambao wazazi wao wana uwezo.

Hatua ya 1: Tenga kundi la umri ndani ya umoja wa vijana

Iombe kamati ya vijana ilitambue kundi la wenye miaka 13 hadi 18 kuwa sehemu ya umoja, lenye siku yake ya kukutana na kazi zake. Zungumza kwanza na mwenyekiti wa vijana, uso kwa uso, umweleze kwamba hawa ndio watakaopokea kijiti kutoka kwake, ili asije akalichukulia kundi jipya kuwa upinzani. Kisha ligawe katika vikundi vya watu wapatao kumi. Ushauri ambao Yethro alimpa mkwewe Musa katika Kutoka 18, wa kuweka wakuu hadi wa watu kumi kumi, unafaa hapa bila kubadilishwa, kwa kuwa mwenye miaka 16 anaweza kuwafahamu wenzake kumi kwa majina, kwa nyumba zao na kwa shida zao, lakini hawezi kufanya hivyo kwa arobaini.

Onyo: usianze na jina la kundi, fulana na nembo. Mambo hayo huamsha shangwe ya mwezi mmoja na humaliza fedha zote, na kazi zinapokuja hakuna aliyeandaliwa kuzifanya.

Hatua ya 2: Tazama kwa miezi miwili kabla ya kumteua mtu yeyote

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuwachagua viongozi siku ya kwanza kwa kunyoosha mikono. Siku hiyo watachaguliwa mtoto wa mzee wa kanisa, msichana mwenye sauti nzuri kuliko wote katika kwaya, na mvulana anayezungumza Kiingereza kizuri kwa sababu amesoma shule ya kulipia. Huenda wote watatu wakafaa, lakini wewe utakuwa huna njia ya kujua.

Kaa nyuma na utazame. Nani anabaki baada ya kipindi kukunja waya za vipaza sauti bila kuombwa? Nani akiona mwenzake hayupo huuliza yuko wapi? Watoto wa Shule ya Jumapili humkimbilia nani? Nani akicheka wote hucheka, na akinyamaza wote hunyamaza? Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye msumbufu wa kundi, anayekaa kiti cha nyuma na kuingia akiwa amechelewa, na walezi wengi humkwepa. Nakusihi usimkwepe. Wenzake wamekwisha kumfuata. Kilichobaki ni kumpa mahali pazuri pa kuwapeleka.

Andika majina katika daftari lako, pamoja na jambo ulilomwona kila mmoja akilifanya. Mwishoni mwa miezi miwili waulize vijana wenyewe, kwa karatasi zisizo na majina, ni mwenzao gani wangemwendea wakipata shida. Ukilinganisha karatasi hizo na daftari lako, utapata watu sita hadi wanane wa kuanza nao. Hakikisha wasichana si makatibu na watunza vyombo tu, na kwamba wapo waliotoka mitaa ya mbali na kanisa.

Hatua ya 3: Nenda nyumbani kabla ya kumtangaza

Zungumza na kijana mwenyewe, umwombe afikiri kwa wiki moja, kisha uende kwao ukiwa pamoja na mlezi mwenzako. Usipige simu tu. Mzazi anayeletewa habari za mwanawe sebuleni kwake hulichukulia jambo hilo kwa uzito tofauti kabisa na yule anayesikia matangazo ya kanisani kwamba mtoto wake amekuwa kiongozi.

Eleza mambo manne: kazi yenyewe ni ipi, itachukua saa ngapi kwa wiki, itadumu hadi lini, na nani ataambatana naye. Kisha sikiliza. Mama wa binti wa kidato cha pili atakuuliza, “Sawa, mwalimu, na maji ya jioni nani atachota?” Swali hilo si la kumpinga Mungu, na usilijibu kwa mstari wa Biblia. Msichana huyo anachota maji, anapika na kuwaogesha wadogo zake, na kila saa unayomchukua inapungua mahali fulani. Kubalianeni saa ya kuanza na saa ya kumaliza ambazo nyumba hiyo inaziweza, na baada ya hapo utunze saa ya kumaliza kwa uaminifu. Ukisema saa kumi na moja jioni, basi saa kumi na moja awe njiani kurudi. Mlezi anayewachelewesha vijana mara tatu hupoteza wasichana wote, na hatapewa sababu na mtu yeyote.

Hatua ya 4: Gawa kazi zenye mwanzo na mwisho

Mwaka wa kwanza usigawe vyeo, gawa kazi. Cheo cha makamu mwenyekiti hakimwambii mwenye miaka 15 afanye nini Jumamosi, lakini kazi ya kushika daftari la mahudhurio na kuwafuatilia waliokosa mara mbili mfululizo inamwambia. Kazi zinazofaa ni pamoja na kuongoza mazungumzo ya Neno katika kikundi, kupanga zamu za wasomaji wa masomo katika ibada, kusaidia darasa moja la Shule ya Jumapili, kuendesha mitambo ya sauti, kuwapokea wanaokuja mara ya kwanza, na kuratibu ziara ya kumtembelea mgonjwa au mzee asiyeweza kufika kanisani.

Kila kazi ipewe watu wawili, mmoja akiwa mdogo kwa mwaka mmoja au miwili kuliko mwenzake, na ikiwezekana mmoja awe wa shule ya kutwa. Aliye bweni akiondoka Januari, kazi haisimami. Akirudi Juni, anakuta mahali pake. Andika kazi ya kila jozi katika karatasi, mistari mitano tu, pamoja na tarehe ya kumaliza ambayo isizidi miezi mitatu. Mwisho wa kipindi hicho anaweza kuendelea, kubadilisha au kupumzika, na kupumzika kusihesabiwe kuwa kurudi nyuma kiimani.

Hatua ya 5: Fundisha kwa kufanya naye, kisha mwachie

Semina ya siku moja kuhusu sifa za kiongozi bora haimwandai mtu kuongoza. Kila kazi ipitie njia hii: mara ya kwanza wewe unaifanya naye akiandika anachokiona, mara ya pili mnaigawana, mara ya tatu anaifanya yeye nawe ukiwa nyuma, mara ya nne anaifanya wakati wewe hupo karibu, ingawa mlezi mmoja lazima awe eneo la kanisa.

Tuchukue mfano wa kuongoza kipindi cha dakika 50 Jumamosi alasiri, kwa somo la Marko 2:1–12, la mtu mwenye kupooza aliyeshushwa darini. Keti na jozi yako siku tatu kabla, na muandike pamoja ratiba yenye dakika: wimbo na maombi, 5, kusoma somo mara mbili kwa wasomaji tofauti, 5, mazungumzo katika vikundi vya watu watano, 20, kila kikundi kueleza jambo moja, 10, mahudhurio na matangazo, 5, maombi ya kufunga, 5. Waachie wachague nyimbo wenyewe.

Kazi kubwa iko katika maswali. Kiongozi asiyefundishwa atauliza, “Je, Yesu alimponya yule mtu?” na wote wataitikia “Ndiyo,” kisha ukimya utaanza na yeye ataanza kuhubiri ili kuuziba. Mfundishe kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake moja. Waliombeba walikuwa wanne: mmoja wao angechoka njiani, nini kingetokea? Mwenye nyumba alijisikiaje alipoona dari yake inatobolewa? Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Imani ya nani hasa? Na katika shule yenu, ni nani ambaye hawezi kuufikia msaada mpaka abebwe na wenzake? Swali hili la mwisho, likiulizwa na mwenye miaka 16 kwa wenye miaka 14, huleta majibu ambayo mtu mzima hangeyapata kwa mwaka mzima.

Mfundishe pia kuvumilia ukimya. Akishauliza, ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno jingine. Mfanyie mazoezi hayo ukiwa naye, kwa sababu kumi ni ndefu sana kwa anayesimama mbele kwa mara ya kwanza.

Kipindi kikianza, kaa nyuma na usiseme kitu. Akisahau wimbo, atakumbushwa na mwenzake. Akisema jambo lisilo sahihi kuhusu Maandiko, liandike na umweleze baadaye, naye alisahihishe mwenyewe wiki inayofuata. Ingilia kati pale tu mtu anapodhalilishwa au panapotokea hatari. Mlezi anayesimama na kusema, “Labda niongezee kidogo,” amelifundisha kundi zima kwamba yule aliyekuwa akiongoza hakuwa kiongozi.

Hatua ya 6: Fanyeni tathmini siku hiyohiyo

Dakika 15 zinatosha, mkiwa mmekaa mahali penye kuonekana. Muulize jambo gani lilikwenda vizuri, jambo gani lilimsumbua, na wiki ijayo atabadilisha nini, na umwache amalize ndipo uongeze jambo moja la kwako, moja tu. Mambo mengine ya kusahihisha yasubiri zamu zijazo.

Hatua ya 7: Wape fedha kidogo na nafasi katika kikao

Baada ya miezi mitatu ya kwanza, viongozi wako waandike makisio ya robo mwaka: nauli za ziara mbili, karatasi, chai ya siku ya kufunga. Wayapeleke wenyewe mbele ya kamati ya vijana na kuyatetea. Uwaandae kwa maswali watakayoulizwa, lakini usiyajibu kwa niaba yao. Wakikatiwa nusu, wamejifunza jambo ambalo hakuna somo lingeweza kuwafundisha, na watapanga upya.

Utaratibu wa fedha uwe mkali tangu siku ya kwanza. Michango ihesabiwe na watu wawili, iandikwe na kusainiwa hapohapo, na ikabidhiwe kwa mhasibu wa usharika siku hiyohiyo kwa risiti. Kijana asilale na fedha za kanisa nyumbani, wala zisipitie katika simu yake au ya mlezi. Lengo la ukali huu ni kumkinga. Katika nyumba ambayo chakula cha kesho hakijulikani, noti kumi zilizo ndani ya daftari ni mzigo ambao hatupaswi kumtwika mtoto.

Omba pia kwamba wawili kati yao, mvulana na msichana, wahudhurie vikao vya kamati ya vijana wakiwa na haki ya kusema, na kwamba ajenda yao isiwekwe ya mwisho, saa ambayo wazee wameanza kutazama saa zao.

Hatua ya 8: Wafundishe mambo wasiyopaswa kuyabeba peke yao

Tafadhali usiiruke hatua hii. Mara tu kijana anapokuwa kiongozi, wenzake huanza kumweleza mambo ambayo hawamwambii mtu mzima: anayepigwa nyumbani kupita kiasi, anayeguswa na ndugu anayelala chumba kimoja naye, anayefikiri kujiua, anayeogopa kuwa ni mjamzito. Kiongozi mwenye moyo mzuri ataahidi kutunza siri, na siri hiyo itamwumiza yeye na huyo aliyemwambia.

Wafundishe sentensi moja, na waifanyie mazoezi kwa sauti, wawili wawili, mpaka iwatoke bila kigugumizi: “Nakusikiliza, na umefanya vizuri kuniambia, lakini kama jambo hili linakuumiza, siwezi kulificha, tutakwenda pamoja kwa mlezi.” Wajue kwamba kazi yao inaishia hapo. Hawaulizi maswali ya kina, hawamfuati mtuhumiwa, hawaitishi maombi ya kundi kwa kumtaja mtu.

Kazi yako wewe ndipo inapoanza. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usimhoji tena na tena, na uhakikishe usiku huo hatarudi penye hatari. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na ni hiyohiyo kwa Tanzania na Kenya. Aliyebakwa afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo, bila kuoga wala kubadilisha nguo ikiwezekana, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.

Onyo, na ninaliandika kwa uchungu kwa sababu bado linatendeka: ukatili dhidi ya mtoto hausuluhishwi ofisini mwa mchungaji kwa familia mbili kusameheana na kulipana. Msamaha una mahali pake katika kanisa, lakini hauchukui nafasi ya ulinzi wala ya sheria. Mtuhumiwa akiwa mtumishi wa kanisa, awe mwalimu wa kwaya, mwinjilisti au mchungaji mwenyewe, njia ni ileile, nawe huhitaji ruhusa yake wala ya mtu mwingine yeyote ili uipite.

Hatua ya 9: Panga makabidhiano mapema

Walio kidato cha nne wakabidhi kazi mwishoni mwa Juni, bila kusubiri waondoke wenyewe kwa kuelemewa na masomo. Yule mdogo wa jozi anakuwa mkubwa, na mpya anaongezwa kutoka miongoni mwa waliopata kipaimara. Makabidhiano yafanyike katika ibada, kwa dakika chache, daftari likionekana na kazi ikitajwa kwa jina lake, na mchungaji awaombee wote wawili, anayeacha na anayepokea. Kabla ya siku hiyo wakae pamoja na kulipitia daftari ukurasa kwa ukurasa.

Matatizo yanayotokea na namna ya kuyashughulikia

*Mahudhurio yameshuka.* Tazama kwanza saa na siku, kabla ya kutazama imani. Mara nyingi kuna masomo ya ziada shuleni Jumamosi, au ni msimu wa kilimo. Waulize waliokosa, mmoja mmoja, na usogeze saa ikibidi.

*Mzee wa kanisa amemnyang'anya kijana kazi mbele za watu.* Usibishane naye palepale. Baada ya ibada mwendee kwa heshima, “Shikamoo baba, naomba dakika moja,” umkumbushe kibali kilicho katika muhtasari, na umwombe yeye mwenyewe amrudishie kijana kazi hiyo Jumapili inayofuata. Wengi hukubali wakiombwa hivyo. Siku hiyohiyo mtafute kijana kabla hajafika nyumbani, umwambie wazi kwamba hakukosea.

*Kiongozi ameanza kuwaamrisha na kuwadharau wenzake.* Mwondoe mbele kwa mwezi mmoja na umpe kazi isiyo na kipaza sauti, kama vile kuwatembelea wagonjwa akiwa na jozi yake, huku ukimweleza sababu. Usimseme mbele ya wenzake.

*Viongozi wawili wamependana.* Jambo hili ni la kawaida katika umri wao na halihitaji kikao cha dharura. Wabadilishe jozi, zungumza na kila mmoja kwa upole ukiwa na mlezi mwenzako, na uwakumbushe kwamba kundi zima linawatazama. Lakini ikiwa mmoja wao ni mtu mzima, rudi katika hatua ya 8.

*Fedha hazikutimia.* Hesabuni upya, watu wawili, kwa kutumia risiti. Mara nyingi ni nauli iliyotumika bila kuandikwa. Ikiwa kweli zimechukuliwa, mwite mhusika pamoja na mzazi wake, zirudishwe kidogo kidogo, na akae mbali na fedha kwa mwaka huo akiendelea na kazi nyingine. Jina lake lisifike katika matangazo.

*Msichana kiongozi amepata ujauzito.* Tangu mwishoni mwa 2021 Serikali ya Tanzania inamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi katika shule ya kawaida, na kanisa lisiwe mahali pagumu zaidi kwake kuliko shule. Mwenye miaka 16 aliyepata mimba huenda ametendewa uhalifu, kwa hiyo swali la kwanza ni usalama wake, na nidhamu ya kanisa haiwezi kutangulia. Apumzike kwenye zamu bila kutangazwa, walezi wamtembelee nyumbani, na jozi yake imshikie nafasi.

*Kundi la WhatsApp limeleta vurugu.* Wanafunzi wengi hawana simu zao wenyewe, na ujumbe hupita katika simu za wazazi au za kaka. Tangazeni shughuli kwa mdomo na kwa karatasi iliyobandikwa kanisani. Kundi likiwepo, liwe la wazazi na walezi, na vijana wasilazimishwe kuwa na simu ili wahesabiwe kuwa viongozi.

*Kiongozi amehitimu na kwenda kidato cha tano mkoa mwingine, au chuo.* Mwombe mchungaji amwandikie barua ya utambulisho kwa usharika ulio karibu na shule yake, nawe uongeze ukurasa mmoja unaotaja kazi alizofanya kwa miezi na kwa majina: aliongoza mazungumzo ya Neno, alitunza daftari la mahudhurio, alisaidia darasa la Shule ya Jumapili. Mpe barua hiyo mkononi, na upige simu kwa mlezi wa vijana wa huko kabla kijana hajafika, ili akifika apewe kazi.